Biriani ya Ijumaa: oda iliyowaumiza wateja na lawama iliyomwangukia boda

Kisa hiki kilitokea Kampala, katika mtaa uliojaa wanafunzi na wapangaji kutoka Kongo, Kenya, Tanzania na Somalia, ambako Kiswahili husikika dukani, msikitini na kwenye steji ya boda tangu asubuhi. Majina ya watu, ya mtaa, ya ofisi na ya chuo yameondolewa, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa. Mpishi ameridhia kisa kisimuliwe kwa sharti moja: kijana wa boda asafishwe jina mapema, msomaji asingojeshwe hadi mwisho. Basi na ijulikane tangu sasa kwamba boda hakufanya kosa lolote.

Mimi hufundisha wapishi wadogo usalama wa chakula. Niliitwa siku ya Jumapili, mambo yakiwa yameshaharibika. Yaliyotangulia nimeyakusanya kutoka kwa wahusika, kwenye daftari la oda na kwenye ujumbe wa simu zao.

Usuli

Mpishi ni mama wa makamo aliyekulia pwani ya Kenya na kuolewa Uganda. Alianza kwa kuwauzia majirani mahamri na sambusa, kisha akaingia kwenye chakula cha mchana: wali wa nazi na samaki, pilau, na biriani kila Ijumaa. Kwa muda aliuza kupitia Jumia Food, programu ya simu ya kuagiza chakula. Huduma hiyo ilipofungwa Uganda mwishoni mwa Desemba 2023, sawa na Kenya, Nigeria na nchi nyingine za Afrika ilikokuwa ikifanya kazi, nyota zote alizopewa na wateja zilipotea siku moja. Waliobaki naye ni wale waliokuwa na namba yake. Akahamia WhatsApp: usiku anaweka orodha ya vyakula kwenye stetasi, oda zinapokewa mpaka saa nne asubuhi, malipo kwa pesa za simu, na vijana wawili wa steji ya jirani wanapeleka.

Niliwauliza wateja wake kadhaa kilichowafanya wamwamini. Walinijibu kwamba wanamjua, kwamba ni chakula cha nyumbani, na kwamba vibakuli vya foili hufungwa kwa stika nyekundu ambayo ikichanika inaonekana. Mmoja aliongeza kwamba mama huyo ni mtu wa swala. Sikumsikia hata mmoja akitaja moto au saa.

Hofu walizokuwa nazo zilikuwa za aina nyingine, na zina historia. Mwanzoni mwa 2018 Kampala ilitikiswa na habari za wauza nyama waliotumia formalini ili nyama isioze wala kukaliwa na nzi, na maduka ya nyama yakavamiwa na wakaguzi. Machi 2019 huko Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, watu waliugua na wengine wakafa baada ya kula unga wa msaada wa chakula ulioingiliwa na sumu ya mimea. Mambo kama hayo yanamfundisha mtu kuogopa kitu kilichotiwa. Akipata ugonjwa wa tumbo, swali la kwanza linalomjia ni nani kaweka nini. Swali la chakula kilikaa saa ngapi haliji kabisa, au huja mwisho.

Sheria nazo hazimsaidii sana anayeagiza kwa simu. Sheria ya Afya ya Umma ya Uganda ni ya 1935 na ile ya Chakula na Dawa ni ya 1959. Zote ziliandikwa wakati mlaji alikuwa anaingia mgahawani na kuona jiko kwa macho yake. Alama ya ubora ya Q ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, inawekwa kwenye bidhaa za viwandani kama unga, maji ya chupa na mafuta. Sahani ya biriani iliyofungwa kwa stika haina alama yoyote inayoisemea.

Alhamisi usiku

Kwa kawaida mpishi huyu hupika biriani Ijumaa alfajiri. Wiki hiyo ofisi moja iliagiza sahani 35 za warsha, juu ya oda zake za kila Ijumaa. Alikuwa na majiko mawili ya gesi, sigiri moja ya makaa, na friji ndogo iliyojaa juisi na sambusa mbichi. Akaamua kutanguliza mchuzi Alhamisi jioni ili Ijumaa abaki na wali tu.

Mchuzi wa biriani si mchuzi wa kumwagika. Una vitunguu vya kukaanga, nyanya, mtindi na vipande vikubwa vya nyama. Ukiiva unakuwa mzito kiasi kwamba mwiko unasimama. Ulikuwa kwenye sufuria moja kubwa. Ulipoiva, yapata saa nne usiku, sufuria iliwekwa sakafuni jikoni, ikafunikwa mfuniko na kitambaa juu yake, ipoe.

Saa kumi na moja alfajiri alipoigusa ilikuwa bado vuguvugu. Alinieleza hilo kwa fahari kidogo, kabla hajajua ninachokitafuta: sufuria yake ni nzito, ya zamani, inashika moto vizuri. Katika saa hizo saba mchuzi ulikuwa umekaa kwa muda mrefu katika joto ambalo bakteria wanalipenda kuliko joto lolote.

Asubuhi aliurudisha kwenye sigiri. Mchuzi mzito ukipewa moto mkali unaungua chini na biriani yote inanuka moshi, kwa hiyo alipunguza makaa na kukoroga taratibu. Pembeni ukaanza kutokota, mvuke ukapanda, akaridhika. Katikati ya sufuria hakupima, na hakuwa na cha kupimia.

Ijumaa

Kufunga kulianza saa tatu. Saa nne na nusu boda wa kwanza aliondoka na oda ya ofisi katika mifuko miwili ya kuhifadhi joto, ile minene yenye foili ndani, pamoja na sahani chache za samaki kwa wateja wa njiani. Boda wa pili alichukua oda za hosteli. Mwalimu mmoja anayeishi karibu alikuja mwenyewe kuchukua sahani yake akaenda nayo shuleni.

Ofisi ilikuwa imesema chakula ni saa sita. Mgeni rasmi akachelewa, na kama ilivyo ada hapa, hakuna aliyethubutu kula kabla hajafungua warsha na kutoa hotuba. Walikula baada ya saa nane. Wote walikisifu chakula. Mmoja alipiga picha ya sahani yake na kuiweka kwenye kundi la ofisi akimshukuru mratibu kwa kuchagua vizuri.

Kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri matumbo yakaanza. Yalikuwa maumivu ya kusokota na kuharisha. Waliotapika walikuwa wachache, na homa karibu haikuwepo. Mama mjamzito mmoja alikwenda kliniki, akapewa dawa ya kurudisha maji mwilini na kuruhusiwa asubuhi. Kufikia Jumamosi usiku wengi walikuwa wamepona.

Jumamosi

Kundi la ofisi liliamka kwa malalamiko, na kabla ya saa tatu likapata mshitakiwa. Mfanyakazi mmoja alikuwa amempita boda kwenye kituo cha mafuta Ijumaa na kumpiga picha, kwa sababu mifuko ilikuwa mikubwa kuliko yeye na ilimchekesha. Kwenye picha mfuko mmoja uko wazi na mkono wa kijana umo ndani. Alikuwa ameona juisi inavuja, akasimama kuinyanyua. Picha haisemi hivyo. Ilipofika kwenye kundi la pili ilikuwa na maneno "huyu ndiye aliyefungua chakula", na kufikia adhuhuri kulikuwa na ujumbe wa sauti, wa mtu asiyejulikana, unaodai kijana alilipwa na mpishi mwingine atie dawa.

Mpishi alipigiwa simu asubuhi na mratibu wa ofisi.

"Mama, watu wangu wanaumwa. Kijana wako alifungua chakula njiani."

"Dada yangu, pole sana. Sijui lililotokea. Nipe muda nimuulize."

Kaka yake alimshauri asimjibu mtu yeyote, kwa kuwa kila atakalosema litageuzwa ushahidi. Akanyamaza hadi saa saba mchana. Kisha katika saa moja akafanya mambo matatu. Aliwarudishia pesa wote walionunua biriani, bila maelezo. Aliandika kwenye kundi la wateja kwamba kijana aliyepeleka chakula amesimamishwa. Na kwa kuwa binti yake alimkumbusha kwamba wanafunzi hubakiza chakula cha usiku, alituma ujumbe mfupi kwa kila mnunuzi wa biriani: aliyebakiza asile, atupe.

Kijana mwenyewe aliarifiwa kwa simu. Alichosema ni, "Sawa mama, lakini mimi sikufungua kibakuli," akakata. Jioni hiyo maduka mawili yaliyokuwa yakimpa vifurushi yalimwambia asubiri kwanza.

Daftari na ujumbe wa pesa

Jumapili tuliketi na simu yake na daftari la shule lenye mistari. Malipo ya simu yana faida ambayo fedha taslimu haina: kila ujumbe una jina, kiasi na saa. Tukachora safu: jina, alikula nini, nani alimpelekea, alikula saa ngapi, tumbo lilianza saa ngapi. Mpishi akapiga simu moja moja, mimi nikaandika. Wengine walimfokea kabla ya kujibu. Alisikiliza, akaomba radhi, akarudia swali. Mratibu wa ofisi alikataa kutoa majina ya watu wake, na alikuwa na haki ya kukataa, ila alikubali kuwauliza yeye na kutuletea majibu bila majina.

Kabla ya magharibi picha ilikuwa imekaa sawa. Wateja wa samaki waliopelekewa na boda yuleyule, chakula chao kikiwa ndani ya mifuko ileile iliyopigwa picha, walikuwa wazima. Wanafunzi wa hosteli waliokula biriani waliumwa, na waliletewa na boda wa pili ambaye hakuna aliyemtaja. Mwalimu aliyejichukulia sahani jikoni na kuila saa kumi jioni aliumwa kuliko wengi. Waliokula mapema, kabla ya saa sita, wengi wao hawakupata kitu.

Biriani ndiyo iliyowaunganisha wagonjwa. Boda hakuwaunganisha.

Hakuna sahani iliyobaki kwa ajili ya maabara, kwa hiyo ninachosema hapa kinasimama juu ya saa na dalili tu. Tumbo la kusokota na kuharisha bila homa, likianza saa 8 hadi 12 baada ya kula na kuisha ndani ya siku moja, likifuata chakula cha nyama kilichopikwa kwa wingi na kupoa polepole, ndiyo sura ya kawaida ya bakteria aitwaye Clostridium perfringens. Hukaa kwenye nyama mbichi na kwenye udongo. Ukipika anakufa, lakini mbegu zake zinavumilia kuchemka. Sufuria ikipoa polepole mbegu zinaamka, na kwenye joto la nyuzi 43 hadi 47 bakteria hao huweza kuongezeka maradufu kila dakika 10 hivi. Kama ingekuwa sumu ya bakteria wengine, stafilokoka, kutoka kwenye mikono ya mtu, ambayo ndiyo wengi walimdhania boda bila kuijua kwa jina, watu wangeanza kutapika ndani ya saa chache tu, warsha ikiwa bado inaendelea.

Maamuzi baada ya hapo

Kaka yake alitaka tuitangaze orodha yenyewe, majina na yote, ili watu waone. Tulikataa. Mbali na adabu, Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na habari ya tumbo la mtu ni mali yake.

Jumatatu mpishi alituma ujumbe wa sauti kwa wateja wote, na ninaunakili kwa ruhusa yake: "Assalaam alaykum wapendwa. Biriani yangu ya Ijumaa ndiyo iliyowaumiza. Mchuzi niliupika Alhamisi usiku nikaulaza nje ya friji, na asubuhi haukuchemka wote. Kosa ni la jikoni kwangu. Kijana aliyewaletea hana hatia. Alipokea chakula kimeshaharibika. Nafunga wiki hii nitengeneze jiko, na nitawaambia nimetengeneza nini."

Niliuunga mkono ujumbe huo, ingawa nilijua utamgharimu. Sababu yangu ilikuwa ya kazi tu: bila kusema kosa lilikuwa wapi, mabadiliko yoyote ambayo angefanya baadaye yasingekuwa na maana kwa msikilizaji. Mteja anayeamini kwamba tatizo lilikuwa boda atataka stika mbili badala ya moja.

Mratibu alijibu kwa swali ambalo lilibaki mezani wiki nzima: "Asante kwa kusema ukweli, Mama. Lakini mara ya pili sisi tutajuaje?"

Jikoni mabadiliko yalikuwa haya. Mchuzi unapikwa siku ileile. Nyama ikibidi itangulie kupikwa, inagawanywa kwenye trei pana, kina kisichozidi vidole vitatu, zinakalishwa kwenye maji yenye barafu na kuingia friji ndani ya saa mbili. Kwa hilo alinunua friji ya mkono wa pili. Kinachopashwa moto kinafika nyuzi 70 katikati, kipimo ambacho Shirika la Afya Duniani linakiweka katika mafunzo yake ya usalama wa chakula, pamoja na kwamba chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60 na kilichopikwa kisiachwe kwenye joto la chumba zaidi ya saa mbili. Alinunua kipimajoto cha kuchomeka. Na oda ziliwekewa kikomo: zikifika idadi ambayo majiko yake yanaweza kupika asubuhi moja, stetasi inaandikwa "imejaa".

Kwenye kila kibakuli sasa kuna saa ya kufungwa na saa ya mwisho ya kula. Siku ya kwanza aliandika "saa 8" tu, na mwanafunzi mmoja akaelewa ni saa mbili za usiku. Tangu hapo huandika "saa 8 mchana, 14:00".

Matokeo

Wanafunzi walirudi upesi, wengi ndani ya wiki mbili. Nisingejenga hoja juu ya hilo. Walikuwa na njaa, bei yake ilikuwa nzuri, na hosteli nyingi haziruhusu kupika. Mtu hurudi kwa muuzaji asiyemwamini kama hana pengine pa kwenda, na takwimu za mauzo haziwezi kutenganisha hao na walioamini kweli.

Ofisi haikumpa tena oda ya warsha. Wafanyakazi wake kadhaa wanaagiza mmoja mmoja, na kwa muda mrefu waliagiza samaki. Biriani ya Ijumaa ilichukua miezi kurudi karibu na kiwango chake.

Kijana wa boda alirudishwa Jumanne, na mpishi alikwenda mwenyewe steji kusema mbele ya wenzake. Maduka mawili hayakumrudia. Ule ujumbe wa sauti wa dawa uliendelea kuzunguka kwenye makundi ambayo ujumbe wa mpishi haukufika, na baada ya muda alihamia steji nyingine. Bado anambebea mpishi.

Uchambuzi

Uamuzi bora wa kisa hiki ulikuwa ule mfupi wa "aliyebakiza atupe". Ulifanywa bila kujua chanzo, na haukuhitaji kujua. Mwanafunzi mmoja alikuwa na nusu sahani chini ya kitanda, chumba hakina friji, na alikuwa amepanga kuila jioni hiyo. Kama una jambo moja la kufanya simu ya kwanza ya malalamiko ikiingia, ni hilo. Ushauri wa kaka wa kunyamaza uliuchelewesha tangu asubuhi hadi saa saba. Kaka alikuwa anailinda biashara isipate lawama, na katika saa hizo hakuna aliyekuwa anamfikiria mtu mwenye nusu sahani.

Kurudisha pesa kulikuwa haki, lakini kwa kuwa kulitangulia maneno, kulisomwa vibaya. Mratibu aliniambia wazi kwamba pesa zilipoingia kwenye simu yake bila neno alidhani ni za kumfunga mdomo. Pesa zilezile zingetumwa pamoja na sentensi moja, hata "bado natafuta sababu, lakini hamwezi kunilipa kwa chakula kilichowaumiza", zingefanya kazi yake.

Kumsimamisha boda ndiko kulikoleta madhara makubwa zaidi, na nadhani ndiko wapishi wengi wangefanya. Shinikizo lilikuwa kubwa, kijana hakuwa na wa kumtetea, na kumtoa kulionekana kama hatua. Lakini hadi wakati ule uvumi ulikuwa picha na maneno ya watu. Mwenye jiko alipotangaza kwamba amemsimamisha, uvumi ukapata muhuri. Masahihisho ya Jumatatu yalifika kwa wateja wake tu. Inawezekana kumpumzisha mtu kwa siku mbili huku akilipwa na bila kutangaza. Inawezekana pia kusema "tunachunguza kuanzia jikoni", maneno ambayo yangekuwa kweli na yasingemgusa mtu.

Sasa lile la stika. Siipingi, inazuia mkono wa njiani. Tatizo ni kwamba wateja waliipa kazi ambayo haiwezi kuifanya. Ilifunga kibakuli barabara na ndani yake mchuzi vuguvugu uliendelea kukaa vuguvugu. Mfuko wa kuhifadhi joto nao una tabia hiyohiyo. Hauongezi moto, unahifadhi ulioukuta: chakula kikiingia kikiwa na nyuzi 75 mfuko unakilinda, kikiingia na 45 mfuko unakitunzia bakteria. Ule mfuko wa kitaalamu, ambao ofisi iliutaja kama sababu mojawapo ya kumchagua mpishi huyu, siku ile ulikuwa unasaidia upande usiofaa.

Nyota za kwenye programu zina kasoro ya namna hiyo, na sioni ikitajwa mara nyingi. Mteja huombwa atoe nyota chakula kinapofika au mara tu akimaliza kula. Ugonjwa wa aina hii unakuja saa nane na zaidi baadaye. Yule aliyepiga picha ya sahani na kumsifu mratibu angeipa biriani nyota tano, na kwa ladha ilizistahili. Nyota zinapima ladha, kasi na adabu ya aliyeleta. Usalama unaingia humo kwa bahati tu.

Upande wa serikali, cheti cha afya cha mshika chakula kilitajwa sana kwenye makundi. Mpishi alikuwa nacho. Wasaidizi wake wawili hawakuwa nacho, na sasa wanacho. Ni jambo jema na lina kazi yake, hasa kwa homa ya matumbo. Lakini daktari angempima kila mtu jikoni mle Alhamisi asubuhi na sufuria bado ingelala sakafuni Alhamisi usiku.

Linabaki swali la mratibu, watajuaje. Mpishi alilijibu kwa namna ambayo sikumfundisha. Kila siku ya kazi, kabla ya kufunga, anachomeka kipimajoto katikati ya sufuria na kupiga picha, namba ikionekana, na pembeni ukurasa wa daftari wenye tarehe ya leo. Anaiweka kwenye stetasi baada ya orodha ya vyakula. Mwanzoni wateja walicheka. Mmoja aliuliza kama biriani imelazwa hospitali. Baada ya wiki kadhaa alisahau siku moja, na watu watatu wakaandika kuuliza leo ni nyuzi ngapi.

Picha inaweza kughushiwa, na mtu akiamua kudanganya daftari halitamzuia. Hata hivyo naiona ni bora kuliko stika kwa sababu imehamisha maongezi. Wateja waliokuwa wanauliza nani kashika chakula sasa wanauliza kilikuwa na moto kiasi gani na kimefungwa saa ngapi, na hayo ndiyo maswali yanayohusiana na kuumwa kwao.

Kilichofanya kazi vibaya hadi leo ni ile saa ya mwisho ya kula. Wanafunzi wanaisoma na kuipuuza. Nimewaona wakila saa moja usiku kibakuli kilichoandikwa saa nane, na wakinieleza kwamba muda huo ni wa kujilinda kwa mpishi tu, kama vile ulivyo kwenye pakiti za biskuti. Kwa oda kubwa mpishi ameacha kutegemea maandishi. Anauliza kabla ya kupokea pesa: mtakula saa ngapi, na mgeni wenu akichelewa mtafanya nini? Asiyekuwa na jibu anapewa sambusa kavu na matunda, au boda anapeleka chakula kwa awamu mbili, sahani za pili zikibaki jikoni juu ya moto mpaka simu ipigwe. Awamu mbili maana yake ni nauli mbili, na wapo waliokwenda kwa mpishi mwingine kwa sababu hiyo.